Maandiko na watu wanaopenda jinsia yao: maswali tunayoulizwa Lubumbashi

Kila Alhamisi jioni tunasoma Biblia hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Wengi wetu ni Wametodisti, Wakatoliki wapo kadhaa, na kuna jirani Mwislamu anayekuja na Kurani yake mkononi. Maswali ya aibu hatuyasemi kwa sauti. Tunayaandika na kuyatia kikapuni. Yanayohusu jambo hili nayatambua kabla sijayafungua, kwa sababu karatasi imekunjwa na kukunjwa tena hadi imekuwa ndogo kama punje ya mahindi. Hapa nimekusanya yale yanayorudi kila mwaka. Mimi si padri wala mwanasheria, ni mama anayefundisha, na nimejibu kwa yale niliyoyasoma na kuyaona.

## Maneno na mahali yalipoandikwa

Tutumie neno gani?

Simuni na redioni linasikika "shoga". Huko pwani ya Afrika Mashariki, kwa asili, hilo ni neno la mwanamke kumwita rafiki yake mwanamke, tena kwa mapenzi. Kwetu linarushwa kama jiwe, sawa na lile la Kifaransa ambalo vijana wa mtaa wetu uitwao Kenya, hapa Lubumbashi, huwapigia kelele wavulana wenye mwendo laini. Mimi nasema "mtu anayependa jinsia yake". Ni refu, lakini unaweza kulitamka mbele ya mama yake.

"Mlawiti" tuliachie tendo, na hasa tendo la nguvu. Limetoka Kiarabu, kwenye jina la Lutu mwenyewe. Linanisikitisha kila ninapolikuta: Lutu, ambaye Petro anamwita mwenye haki, ndiye jina lake lilichukuliwa kuita kosa la waliomzingira mlangoni.

Biblia inalitaja jambo hili wapi?

Mahali pachache: Mwanzo 19, Walawi 18:22 na 20:13, Warumi 1:26-27, 1 Wakorintho 6:9, 1 Timotheo 1:10 na Yuda 7. Wengine huongeza Waamuzi 19, habari ya Gibea, inayofanana na ya Sodoma. Sheria na aya zenyewe, ukiziandika mfululizo, hazijazi ukurasa mmoja wa daftari la mtoto.

Uchache si ruhusa, na nalisema mapema ili nisieleweke vibaya. Hakuna aya hata moja inayolisifu tendo la mwanamume kulala na mwanamume. Anayekuambia ipo, mwombe akuonyeshe sura na mstari. Vilevile hakuna aya inayompa mfuasi wa Yesu ruhusa ya kumpiga mtu, kumchomea nyumba au kumtupa mtoto barabarani. Anayekuambia ipo, mwombe hivyo hivyo.

Yesu alisema nini?

Katika Injili zote nne hakuna neno lake juu ya jambo hili kwa jina. Alipoulizwa kuhusu talaka, Mathayo 19, alirudi kwenye Mwanzo: mume na mke, nao watakuwa mwili mmoja. Wanaoshika mafundisho ya kale wanasema hapo ndipo alipojibu, maana ameonyesha ndoa ni nini. Wengine wanasema swali lilikuwa talaka, na tusimtie kinywani jibu la swali ambalo hakuulizwa. Mimi naona wa kwanza wana hoja nzito zaidi kuhusu ndoa. Lakini sura hiyo hiyo, mstari wa 12, inataja matowashi, watu ambao mji uliwacheka, na Yesu anawataja bila kuwacheka.

## Sodoma, Walawi, Paulo

Dhambi ya Sodoma ilikuwa nini hasa?

Soma Mwanzo 19 polepole. Wageni wawili wameingia mjini jioni. Wanaume wa mji wote, vijana kwa wazee, wanauzunguka mlango na kudai wageni watolewe nje wawatende jeuri. Ule ni ubakaji wa kundi. Sisi Wakongo hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kundi la wanaume kumvamia mtu ili kumdhalilisha, na tunajua kwamba wanaume nao wamefanyiwa hivyo vitani. Anayebaka mwanamume anatafuta kumvunja, hajampenda.

Kisha fungua Ezekieli 16:49. Jioni moja nilimpa kijana wa kwaya aisome kwa sauti. Alisoma kwamba uovu wa Sodoma ulikuwa kiburi, na kushiba chakula, na kufanikiwa, tena hakuutia nguvu mkono wa maskini na mhitaji. Akanyamaza, akairudia, akauliza kama Biblia yangu ni sawa na yake. Tulizipitisha Biblia tatu mezani, zote zikasema hayo. Nje malori ya madini yalikuwa yakipita, na kila aliyekuwapo alijua ni nani katika mji huu ameshiba na ni nani ameinama kuokota mawe.

Mstari wa 50 unaongeza "machukizo", na Yuda 7 anataja uasherati, kwa hiyo usiseme zinaa haimo kabisa. Ila Yesu mwenyewe, Mathayo 10:14-15, anaitaja Sodoma akizungumzia miji itakayokataa kuwapokea wajumbe wake. Kwake Sodoma ni mji uliofunga mlango.

Walawi inasema wauawe. Kwa nini hatuifuati?

Kwa sababu hatuifuati pia katika mengine ya sura hiyo hiyo. Walawi 20:9 inamhukumu kifo anayemlaani baba yake au mama yake. Mstari wa 10 unawahukumu kifo wazinzi wote wawili, na wazinzi Lubumbashi wapo, tena wengine wanakaa benchi la mbele. Hakuna mchungaji ninayemjua anayehubiri wauawe. Ukiruka mstari wa 9 na wa 10 kisha ukasimama kwa kishindo kwenye wa 13, andiko halijakuongoza, umechagua mwenyewe.

Wanaosema marufuku yenyewe bado ipo, ingawa adhabu imepita, wanategemea Paulo (angalia jibu linalofuata). Hiyo ni hoja ya kweli. Kugeuza adhabu ya Walawi kuwa kazi ya vijana wa mtaani, hapo hakuna hoja.

Mbona Biblia ya Kifaransa na ya Kiswahili hazifanani kwenye 1 Wakorintho 6:9?

Swali zuri kuliko yote, nalo liliulizwa na fundi wa viatu aliyekuwa na vitabu vyote viwili. Biblia yetu ya Kiswahili ya Union inasema "wafiraji, wala walawiti". Louis Segond ya 1910 inasema "ni les efféminés, ni les infâmes", yaani wenye tabia za kike na watu wa aibu. Si kitu kimoja.

Paulo aliandika Kigiriki, maneno mawili. La kwanza, malakoi, maana yake ni "laini". Ndilo lile lile la Mathayo 11:8, mtu aliyevikwa mavazi mororo. Lilitumika kwa mtu mlegevu, mpenda anasa, na pia kwa mwanamume anayetumiwa kama mwanamke. La pili, arsenokoitai, limeundwa na "mwanamume" na "kitanda", na halionekani katika maandishi tuliyonayo ya kabla ya Paulo. Wasomi wengi wanaona amelichota kwenye Walawi ya Kigiriki, ambako maneno hayo mawili yamekaa pamoja. Wengine wanadhani alilenga wanunuzi wa wavulana na watumwa, biashara iliyokuwa ya kawaida katika miji ya Warumi.

Binafsi naona mkono wa Walawi ndani ya neno hilo. Lakini orodha ile ina pia wezi, wenye tamaa ya mali, walevi na watukanaji. Mstari wa 11 unasema "na baadhi yenu mlikuwa watu wa namna hii". Paulo aliwaandikia watu waliokuwa ndani ya kanisa.

Na Warumi 1?

Hapo ndipo penye nguvu zaidi, na ndipo peke yake wanawake wanapotajwa. Paulo anaeleza watu walioacha Muumba, na tamaa hizo anaziweka kama matokeo. Sijui njia ya uaminifu ya kulilainisha. Ila barua haikugawanywa sura na yeye. Endelea bila kupumua hadi 2:1, utakuta mtego: "wewe mtu uwaye yote uhukumuye, huna udhuru". Aliyekuwa akitikisa kichwa na kusema amina sura nzima, ghafla ni yeye aliyesimamishwa.

Daudi na Yonathani walikuwa wapenzi?

Wapo wanaosoma hivyo 2 Samweli 1:26. Mimi naona urafiki wa agano. Katika nchi ambapo wanaume wawili hutembea wameshikana mikono toka sokoni hadi nyumbani, tungepaswa kuuelewa.

## Kurani na Waislamu

Kurani inasema nini?

Habari ya kaumu ya Luti, yaani watu wa mji wa Lutu, inarudi mara nyingi: Sura ya 7 aya 80-84, ya 11, ya 26, ya 27, ya 29. Lugha yake ni kali: mnawaendea wanaume kwa matamanio badala ya wanawake. Wanazuoni wa madhehebu yote ya kale wamelihesabu tendo hilo kuwa haramu.

Jirani yetu ndiye aliyetufundisha sehemu ambayo wengi hawaijui. Kurani yenyewe haijataja adhabu maalumu ya duniani kwa jina la tendo hili, na maimamu walitofautiana: Abu Hanifa aliliacha mikononi mwa kadhi, wengine wakalilinganisha na zinaa, wengine wakasema kifo kwa kutegemea hadithi ambayo upokezi wake umebishaniwa. Tena anayemtuhumu mwanamke mwenye heshima kwa zinaa bila mashahidi wanne, Sura ya 24 aya ya 4, hupigwa viboko themanini yeye mwenyewe. Na Sura ya 49 aya ya 12 inakataza kupelelezana. Wanaochungulia madirisha ya watu usiku ili kuitetea dini wameshavunja dini.

## Makanisa yetu

Papa aliruhusu ndoa za watu wa jinsia moja?

Hapana. Hati iliyotoka Vatikani tarehe 18 Desemba 2023, Fiducia supplicans, iliruhusu padri kutoa baraka fupi, isiyo ya liturujia, isiyofanana na ndoa, na ilirudia kwamba ndoa ni ya mume na mke. Maaskofu wa Kongo waliikataa. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, alitangaza kwamba baraka hizo hazitatolewa katika makanisa ya bara hili.

Watu wengi waliisikia habari hiyo nusu. Tangazo lile lile la maaskofu lilisisitiza kwamba watu hawa waheshimiwe utu wao. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 2357, inayaita matendo hayo yaliyopotoka kwa asili yake; namba 2358 inaagiza watu hao wapokelewe kwa heshima na huruma, na kila alama ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. Namba hizo mbili zinafuatana. Papa Fransisko naye alisema Januari 2023, siku chache kabla ya kufika Kinshasa, kwamba kuwa hivyo si jinai.

Je, sisi Wametodisti tumebadilika?

Hili linaumiza watu hapa Katanga, maana Méthodiste Unie ni kanisa la mababu kwa wengi. Mkutano Mkuu uliofanyika Charlotte, Marekani, Aprili na Mei 2024 uliondoa maneno yaliyokuwa kwenye kanuni tangu 1972, kwamba jambo hili haliendani na mafundisho ya Kikristo, na ukaondoa marufuku ya kuwapa uchungaji watu hao. Hakuna mchungaji anayelazimishwa kufungisha ndoa ya namna hiyo. Mkutano huo huo ulipitisha mpango wa kuzipa kanda za dunia uwezo wa kujitungia kanuni zake. Kanisa la Côte d'Ivoire liliamua kuondoka mwezi huo wa Mei. Kwetu, hakuna kilichobadilika madhabahuni. Kilichobadilika ni kwamba watu wanaulizana kwa ukali, hata ndani ya familia moja.

"Ni bintu ya bazungu ile."

Tunalisikia kila wiki, nalo halisimami hata kwa maandiko yenyewe. Musa hakuwa mzungu, na hakukataza jambo ambalo halikuwapo. Kila tarehe 3 Juni Wakatoliki wetu wanawakumbuka mashahidi wa Uganda. Katika masimulizi ya kanisa lenyewe, wavulana wa ikulu walimkataa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliyewataka kimwili. Yalitokea miaka ya 1885 hadi 1887. Hakuna aliyesema Kabaka alifundishwa na wazungu.

Kilicholetwa na wazungu, kwa hakika, ni sehemu kubwa ya sheria. Hilo linatupeleka mbele.

## Serikali

Kongo inalihesabu kuwa kosa la jinai?

Hakuna kifungu katika sheria yetu ya adhabu kinacholitaja tendo hili kati ya watu wazima waliokubaliana. Watu wamewahi kusumbuliwa kwa kifungu cha 176, kinachohusu kuvunja maadili hadharani. Miswada ya kulifanya kosa ilipelekwa bungeni 2010 na 2013, haikupita. Ndoa ni jambo lingine: Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inasema ni kati ya watu wa jinsia tofauti.

Vuka mpaka wa Kasumbalesa uingie Zambia, na ni jela ya miaka mingi. Mwaka 2019 mahakama ya Zambia iliwahukumu wanaume wawili miaka 15. Walisamehewa na rais 2020. Maandiko ya Wazambia ni yale yale ya kwetu, na wengi wao ni binamu zetu Wabemba. Tofauti ni kwamba Mwingereza aliwaachia sheria yake, na Mbelgiji akatuachia yake, iliyotokana na ya Ufaransa iliyokwisha kulifuta kosa hilo 1791.

Je, ubakaji na watoto?

Hapo hakuna mjadala. Sheria ya Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono inamlinda mwanamume na mwanamke, na mtoto hawezi kuridhia. Tafadhali tusiyachanganye: anayemharibu mtoto wa kiume ni mhalifu, sawa na anayemharibu wa kike.

## Nyumbani

Ni pepo? Kanisa moja linasema linaweza kumtoa.

Pitia watu wote ambao Yesu aliwatoa pepo. Hakuna hata mmoja aliyeelezwa hivi. Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili katika orodha ya magonjwa 1990.

Nilishuhudia kwa jirani yangu. Mtoto wake alikuwa na miaka kumi na saba. Kanisa la maombezi, silitaji, lilisema ana roho ya mwanamke wa majini, na mama akalipa kwa fedha za makala, yaani mkaa anaouza, gunia baada ya gunia. Walimfungisha siku saba bila chakula. Siku ya tano alikuwa analamba maji ya bomba kwenye kiganja, midomo imepasuka. Waliposema pepo ni mkaidi, baba alimfukuza mtoto nyumbani. Nilikuta godoro limesimamishwa ukutani mwa lupango, yaani ua wa nyumba, mvua ikilinyeshea, na hakuna aliyekuwa akilisogeza.

Kama mwanao anaomba aombewe, mwombee, ukiwa umemshika mkono. Anayedai fedha na kumnyima mtoto chakula hafanyi maombi. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza kumtelekeza mtoto, kumtesa na kumtuhumu uchawi.

Mwanangu ameniambia. Nifanye nini usiku huu?

Usijibu yote usiku huu. Mwambie umesikia. Mpe bukari, yaani ugali, kama siku zote, kwenye sahani yake ile ile. Usimpigie mchungaji kabla hujamwuliza yeye. Akikuambia siri, ni yake. Usiichukue simu yake. Kuhusu imani yako, huhitaji kuibadilisha ili umwache alale kitandani kwake.

Anaruhusiwa kuimba kwaya, kubatizwa, kuzikwa kanisani?

Makanisa mengi hapa yanatofautisha hisia na tendo, na mwenye hisia tu hana kizuizi. Katika tendo kila kanisa lina nidhamu yake, ile ile inayopaswa kumgusa mwenye nyumba ndogo. Ikiwa haimgusi huyo, uliza kwa nini. Maziko: sijui andiko linaloruhusu kumnyima maiti sala, na nimelitafuta.

Mtu ananitisha: nilipe, au atanitangaza kwa watu.

Kudai fedha kwa vitisho ni jinai hata kama siri ni ya kweli. Usilipe mara ya kwanza, maana itakuwa ya pili. Hifadhi ujumbe wote. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, kisha umwone mwanasheria.

Nilishamfukuza. Nimechelewa?

Karatasi hii ilitiwa kikapuni na mama yule wa makala; niliutambua mwandiko kwa sababu alijifunzia kuandika hapa hapa. Baada ya darasa alibaki, ana daftari la shule la mtoto kwenye kitambaa, akauliza ni mstari gani hasa waliomsomea siku ile. Tuliutafuta, hakuukumbuka.

Jumamosi alipanda gari hadi Kasumbalesa, ambako madereva walisema kijana anaosha malori. Alimkuta amelala chini ya trela, viatu vimefungwa kiunoni visiibiwe. Aliniambia hakuwa na maneno aliyoyaandaa, alimwuliza tu kama amekula. Sasa mtoto analala chumba cha nyuma na anamaliza shule. Baba bado hamwamkii. Mwezi uliopita, mvua ilipoanza, ni baba aliyetoka akaliingiza ndani godoro lililokuwa likianikwa uani.